Maswali ya wasomaji: Ishara na mifumo mstari, kuanzia bamvua hadi mikrofoni inayopiga mluzi

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji wanaosoma uhandisi wa umeme, mawasiliano na kompyuta watuandikie kuhusu somo la utangulizi la ishara na mifumo, ambalo kwa kawaida hufundishwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, na ambalo limewapeleka wengi kwenye mtihani wa marudio, mwandishi wa majibu haya akiwa mmoja wao. Barua zilizofika zimezidi kurasa tulizopewa. Nyingi ziliuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo tumeziunganisha. Na baadhi hazikutoka kwa wanafunzi kabisa, jambo lililotufurahisha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili hapa Dar es Salaam. Wiki nne za somo hili zimepita na ninaweza kukokotoa maswali yote ya mazoezi, lakini mtu akiniuliza somo lenyewe linahusu nini ninabaki kimya. Ishara ni nini hasa, na kwa nini tunasisitiziwa kwamba mfumo lazima uwe mstari?

JIBU: Marahaba. Hali yako ninaifahamu, maana somo hili huweza kushikwa kwa namna mbili: kama rundo la kanuni za kukariri, au kama wazo moja linalorudi kila wiki likiwa limebadilisha nguo. Anayelishika kwa namna ya kwanza hufaulu mazoezi huku akipotea njia, na ndiko uliko sasa.

Ishara ni kiasi chochote kinachobadilika, kwa kawaida kadiri muda unavyokwenda, na ambacho mabadiliko yake yanabeba habari. Volti kwenye waya wa mikrofoni ni ishara. Kina cha maji gatini kilichoandikwa saa baada ya saa ni ishara. Hata joto la mgonjwa linaloandikwa kwenye chati ya wodini kila asubuhi ni ishara. Mfumo nao ni kitu chochote kinachopokea ishara moja na kutoa nyingine: amplifaya, shoksi za gari zinazopokea mashimo ya barabara na kumpa abiria mtikisiko mdogo zaidi, au ukumbi unaopokea sauti ya msemaji na kuirudisha ikiwa na mwangwi.

Mfumo huitwa mstari ukitimiza masharti mawili. La kwanza ni kwamba ishara inayoingia ikikuzwa mara mbili, inayotoka nayo hukua mara mbili kamili, na vivyo hivyo kwa mara tatu, kwa nusu au kwa namba nyingine yoyote. La pili ni kwamba ishara mbili zikiingia kwa pamoja, kinachotoka ni jumla ya vile ambavyo vingetoka endapo kila moja ingeingia peke yake. Wengi hujikwaa hapa kwa sababu ya neno lenyewe. Mfumo unaotoa y = 3x + 2 una grafu iliyonyooka kama rula, lakini si mfumo mstari: ukiingiza 1 unapata 5, ukiingiza 2 unapata 8, ilhali sharti la kwanza linadai 10. Ile 2 iliyoongezwa mwishoni ndiyo iliyoharibu. Swali hili hupenda kuja kwenye jaribio la kwanza, na mimi mwenyewe lilinikosesha alama.

Kuna sharti jingine ambalo huandamana na hilo, nalo ni kwamba mfumo usijali saa. Ukiupa ishara fulani leo saa nne, halafu ukaupa ileile kesho saa nne, majibu yawe na umbo lilelile, tofauti ikiwa ni ile siku moja tu ya kuchelewa. Mfumo unaotoa t mara x(t), yaani muda mara ishara inayoingia, ni mstari, lakini unajali saa, kwa sababu ishara ileile ikiingia baadaye hutoka ikiwa imekuzwa zaidi.

Tunang'ang'ania masharti haya kwa sababu yanatupa nafuu kubwa mno. Mfumo ukiyatimiza, huna haja ya kuujaribu kwa kila ishara iliyopo duniani. Unachagua ishara moja rahisi, unaangalia mfumo unaijibuje, kisha kila ishara nyingine unaivunja iwe vipande vya aina ile, unajibu kipande kwa kipande na kujumlisha. Somo zima ni hilo. Kinachobadilika kutoka sura moja ya kitabu hadi nyingine ni aina ya kipande kilichochaguliwa: kwenye hesabu iitwayo konvolusheni kipande ni pigo la ghafla, kwenye ile ya Fourier ni wimbi la saini, yaani wimbi laini linalopanda na kushuka kwa mpangilio uleule, na kwenye ile ya Laplace ni wimbi la saini lililoruhusiwa kukua au kufifia.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Morogoro. Konvolusheni imenishinda. Mhadhiri anatuambia tuigeuze ishara moja kinyumenyume, tuitelezeshe juu ya nyingine, tuzidishe, tujumlishe. Nimefanya hivyo mara mia na sijui kwa nini inageuzwa. Mfumo gani halisi unageuza kitu kinyumenyume?

JIBU: Hakuna mfumo unaogeuza kitu kinyumenyume, na ni vizuri umekataa kumeza jambo ambalo halijakuingia. Tuweke integrali pembeni kwa muda, tuchukue mto mdogo unaoshuka kutoka milimani na kupita chini ya daraja.

Tuseme tumeuchunguza na kuona kwamba milimita 10 za mvua zikinyesha siku moja tu huko juu, kipimo cha mtiririko pale darajani huongezeka kwa 1 siku hiyohiyo, kwa 3 siku ya pili, kwa 2 siku ya tatu, kisha mto unarudi kama ulivyokuwa. Orodha hiyo ya 1, 3, 2 ndiyo mwitiko wa pigo: mvua ya siku moja ni pigo, na orodha ni jinsi mto unavyolijibu. Sasa wiki hii Jumatatu zimenyesha milimita 20, Jumanne kukawa kukavu, Jumatano zikanyesha milimita 10. Mvua ya Jumatatu ni mapigo mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo yenyewe peke yake inaleta 2 Jumatatu, 6 Jumanne na 4 Jumatano. Mvua ya Jumatano inaleta 1 Jumatano, 3 Alhamisi na 2 Ijumaa. Jumlisha kwa siku: Jumatatu 2, Jumanne 6, Jumatano 4 na 1 ambazo ni 5, Alhamisi 3, Ijumaa 2. Umefanya konvolusheni, na hujageuza chochote.

Kugeuza kunatokea pale unapobadilisha mahali pa kusimama. Simama darajani Jumatano, uulize: maji haya ninayoyaona yametoka wapi? Mvua ya leo inachangia kwa namba ya kwanza ya orodha, yaani 1 mara 1. Ya jana inachangia kwa namba ya pili, yaani 0 mara 3. Ya juzi inachangia kwa namba ya tatu, yaani 2 mara 2. Jumla ni 5, kama mwanzo. Angalia kilichotokea: siku za mvua umezisoma ukirudi nyuma, leo, jana, juzi, huku orodha ya mto ukiisoma kwenda mbele. Ndiyo maana ukizichora zote mbili kwenye mhimili mmoja wa muda, moja itaonekana imegeuzwa. Kugeuza ni kwa anayetazama nyuma akitafuta chanzo cha anachokiona. Mto wenyewe hauna habari.

Mfano huu sikuutunga ili kurahisisha mambo. Mwaka 1932 mhandisi wa Marekani L. K. Sherman alipendekeza njia ya kukadiria mafuriko kwa namna hiihii, kutoka kwenye jibu la mto kwa kipimo kimoja cha mvua, na wataalamu wa maji bado wanafundishwa njia hiyo. Wanafundishwa pia mipaka yake. Ardhi iliyokwisha kulowa haijibu kama ardhi kavu, kwa hiyo mto halisi ni mstari kwa kukadiria tu, na siku ya masika makubwa makadirio hayo huweza kupotoka vibaya.

Kwenye mtihani, kagua kazi yako kwa hesabu ndogo: jumla ya namba za jibu lazima iwe sawa na jumla ya namba za ishara ukizidisha kwa jumla ya namba za mwitiko. Hapa mvua ni mapigo 3 ya milimita 10, mwitiko ni 6, na jibu letu 2 + 6 + 5 + 3 + 2 linatoa 18. Inachukua sekunde kumi, nami sijawahi kumwona mwanafunzi akijuta kuifanya.

SWALI: Ninasoma diploma ya umeme Kisumu na nina mpango wa kuendelea na digrii. Kwa nini umeme unahesabiwa kwa namba changamano? Waya hauna sehemu ya kufikirika.

JIBU: Hauna, na hakuna mita itakayokusomea ampea za kufikirika. Namba hizo zimeletwa kwa ajili ya utunzaji wa hesabu.

Wimbi la saini likiingia kwenye mfumo mstari usiojali saa, baada ya misukosuko ya mwanzo kutulia, kinachotoka ni wimbi la saini la masafa yaleyale, masafa hapa yakiwa idadi ya mizunguko kwa sekunde. Mfumo unaweza kufanya mambo mawili tu: kubadilisha kimo cha wimbi, na kulichelewesha, jambo ambalo mafundi huliita kubadilisha fezi. Kwa hiyo kila mfumo, kwa kila masafa, unahitaji namba mbili zinazotembea pamoja. Namba changamano ni mfuko mmoja wenye namba mbili, na kwa bahati njema kanuni yake ya kuzidisha inafanya hasa tunachotaka: urefu huzidishwa kwa urefu na pembe hujumlishwa na pembe. Tena hesabu ya kalkulasi inayoelezea kapasita hugeuka kuwa kuzidisha kwa j, yaani kipeuo cha pili cha -1, na kwa 2π mara masafa, kwa hiyo aljebra ya kidato cha nne inatosha kumaliza kazi. Charles Proteus Steinmetz aliwaonyesha wahandisi njia hii kwenye mkutano wa umeme uliofanyika Chicago mwaka 1893. Herufi j ilichukua nafasi ya i ya wanahisabati kwa sababu i ilikuwa imekwisha kupewa mkondo wa umeme.

Jaribu kwa rezista ya omu 1000 na kapasita ya maikrofaradi 1 zilizounganishwa mfululizo, ukipima volti kwenye kapasita. Kwa hezi 50, ambayo ndiyo masafa ya umeme wa majumbani kwetu, volti inayotoka ni kama asilimia 95 ya inayoingia na imechelewa kwa nyuzi zipatazo 17. Kwa hezi 159 imeshuka hadi asilimia 71 hivi na imechelewa kwa nyuzi 45. Kwa hezi 1590 imebaki sehemu moja ya kumi. Vipande hivyo viwili, ambavyo gharama yake ni ndogo kuliko soda, ni kichujio kinachopitisha besi na kuzuia sauti nyembamba, na ukiwa na osiloskopu maabara utaziona namba hizi kwa macho yako. Nakusihi uzione kabla ya kuhesabu ukurasa mwingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi si mwanafunzi. Ninafanya kazi bandarini Mombasa, na kijana wangu anayesoma chuo kikuu ameniambia kwamba jedwali la maji kupwa na kujaa tunalolitumia kazini limetengenezwa kwa hesabu za somo hili. Je, ni kweli au ananitania?

JIBU: Ni kweli, na kama ningepewa ruhusa ya kupanga upya mtaala, somo la Fourier ningelianzia gatini kwako badala ya kulianzia kwenye mawimbi ya mraba ambayo mwanafunzi wa pwani hajawahi kuyaona popote.

Wewe unajua kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Unajua pia bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na maji mafu, ambapo yanasogea kidogo tu, na kwamba hali hizo mbili hupokezana kwa kufuata mwezi. Mhandisi anayaeleza yote haya kwa mawimbi mawili ya saini. La kwanza linatokana na mwezi na mzunguko wake ni saa 12.42. La pili linatokana na jua na mzunguko wake ni saa 12 kamili. Kwa Mombasa wimbi la mwezi lina kimo cha takriban mita 1 juu na chini ya usawa wa wastani, na la jua takriban nusu mita. Mawimbi hayo yanapokwenda pamoja, vimo vinajumlishwa kuwa mita 1 na nusu, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inakuwa kama mita 3: hiyo ni bamvua. Yanapopingana, kimo kinabaki nusu mita, na tofauti inakuwa kama mita 1: hayo ni maji mafu. Kwa kuwa moja lina haraka kidogo kuliko jingine, hukutana tena kila baada ya siku 14.77, na ndiyo maana kila mwezi mwandamo una bamvua mbili. Hesabu hii ya mistari mitatu ndiyo niliyoitafuta nilipokuwa mwanafunzi, na hakuna aliyenionyesha.

Mawimbi mawili hayatoshi kwa jedwali zuri. Mzunguko wa mwezi si duara kamili, jua na mwezi hupanda na kushuka kwa kuhesabu kutoka ikweta, kwa hiyo yako mawimbi mengine madogo, yakiwemo yenye mzunguko wa karibu siku nzima. Lakini masafa yote yanajulikana kutoka angani. Kinachobaki ni kupima maji bandarini kwa muda mrefu, ikiwezekana mwaka mzima, na kutafuta kimo na fezi ya kila wimbi pale mahali. Ukishavipata, unajumlisha mbele kwa miaka unayotaka. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alisimamia mwaka 1872 na 1873 ujenzi wa mashine ya kapi na kamba iliyojumlisha mawimbi kumi ya aina hiyo, kila kapi ikipanda na kushuka kwa mwendo wa wimbi lake huku kamba moja ikipita juu ya zote na kuvuta kalamu. Maji ya fukwe za Normandy, Ufaransa, kwa ajili ya uvamizi wa Juni 1944 katika Vita Kuu ya Pili yalitabiriwa kwa mashine za ukoo huo.

Wazo la kuvunja kitu kuwa mawimbi ya saini lilikuwa na umri wa miaka zaidi ya sitini wakati mashine ya Thomson ilipojengwa. Joseph Fourier aliliwasilisha Paris mwaka 1807 akichunguza jinsi joto linavyosambaa, na Lagrange, aliyekuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa enzi hiyo, akalipinga. Kitabu chenyewe kikachapishwa mwaka 1822. Lagrange hakuwa na wivu wala ujinga. Madai kwamba mchoro wenye kona kali unaweza kujengwa kwa mawimbi laini yalihitaji uthibitisho ambao Fourier hakuwa nao kikamilifu, na uliwachukua wengine miaka mingi kuukamilisha.

Mwambie kijana wako jambo moja zaidi, atalipenda. Kwenye maji yenye kina kirefu bahari inafanya kazi kama mfumo mstari. Ikiingia kwenye vijito na midomo ya mito yenye kina kifupi, maji yanaburuzwa na sakafu, na mara nyingi utaona yanajaa kwa haraka na kupwa polepole. Umbo hilo lililopinda lina ndani yake wimbi jipya la mzunguko wa saa 6.21, nusu ya ule wa mwezi, ambalo halitokani na jua wala na mwezi. Mfumo mstari hauwezi kuzaa masafa ambayo hayakuingizwa. Kwa hiyo wimbi hilo ni ushahidi kwamba pale kijitoni ustari umevunjika, sawasawa na amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho inavyokwaruza kwa sauti ambazo mwimbaji hakuzitoa.

SWALI: Ninatengeneza simu Mwanza. Wateja huniuliza kwa nini muziki ukipitia kwenye simu ya kawaida unasikika vibaya wakati sauti ya mtu inasikika sawa. Nimesikia inahusu sampuli. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Simu ya kidijiti ya mfumo wa kawaida huipima sauti mara 8000 kwa sekunde, na kila kipimo, ndiyo hiyo sampuli uliyoisikia, hupewa biti 8, ambayo ni biti 64,000 kwa sekunde. Diski ya CD huipima mara 44,100. Kanuni, iliyodokezwa na Harry Nyquist mwaka 1928 na kuwekwa vizuri na Claude Shannon mwaka 1949, inasema kwamba lazima upime zaidi ya mara mbili ya masafa makubwa kabisa yaliyomo kwenye ishara. Kwa vipimo 8000 huwezi kubeba chochote kinachofika hezi 4000, na kwa vitendo simu hukata karibu na hezi 3400. Maneno ya mtu yanaeleweka ndani ya nafasi hiyo; matoazi na kayamba hayamo.

Kilicho muhimu kwa fundi ni kinachotokea kanuni ikivunjwa. Sauti ya hezi 5000 ikipimwa mara 8000 kwa sekunde haipotei: hujitokeza ikiwa imevaa sura ya hezi 3000, na baada ya hapo hakuna programu itakayoweza kuitofautisha na hezi 3000 ya kweli. Ndiyo maana kichujio huwekwa kabla ya kupima. Jambo hili umekwisha kuliona kwenye kioo cha simu. Feni ya mapanga matatu ikizunguka mara 10 kwa sekunde mbele ya kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde, kati ya picha na picha kila panga linafika mahali pa mwenzake, na feni inaonekana imesimama. Ikipunguza mwendo kidogo, inaonekana inarudi nyuma.

Na kwa kuwa msomaji wetu wa Mombasa ametupeleka baharini, hebu fikiria mtu anayekwenda ufukweni kila siku saa sita mchana kamili, anaandika kina cha maji na kuondoka. Wimbi la jua, lenye saa 12, atalikuta kila siku mahali palepale, kwa hiyo kwake halipo. Wimbi la mwezi atalikuta limesogea kidogo, na daftari lake litaonyesha bahari inayojaa na kupwa taratibu kwa mzunguko wa siku 14.77. Vipimo vyake vyote ni sahihi, na bahari aliyoiandika haipo.

SWALI: Barua mbili kwa pamoja. Mwanafunzi wa Arusha anauliza kwa nini tunafundishwa Laplace ilhali Fourier ipo. Na mhudumu wa vyombo vya muziki wa Tanga anauliza kwa nini mikrofoni ikisogezwa karibu na spika hupiga mluzi wa kuumiza masikio, na kwa nini ni mluzi na si ngurumo.

JIBU: Tuanze na Tanga. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye mikrofoni, inakuzwa, inatoka tena. Kama kila mzunguko unairudisha ikiwa na sehemu 0.9 ya ilivyokuwa, inafifia: 1, 0.9, 0.81. Ukisogeza mikrofoni ikawa inarudi ikiwa 1.1, basi inakua: 1, 1.1, 1.21, na baada ya mizunguko 50 imezidi mara 117. Spika ikiwa umbali wa mita 7 hivi, kila mzunguko huchukua takriban sehemu mbili za mia za sekunde, kwa hiyo hesabu hiyo yote inamalizika ndani ya sekunde moja. Ni mluzi kwa sababu si kila masafa yanarudi yakiwa yamelingana fezi na yale yanayotoka. Yanayolingana na yenye ukuzaji mkubwa zaidi hushinda mengine. Dawa ni kupunguza masafa hayo kwenye ikwalaiza, au kumgeuza mwimbaji asielekeze mikrofoni kwenye spika, ambayo ni rahisi kuisema kuliko kumshawishi bwana harusi.

Sasa Arusha. Wimbi la Fourier lina kimo kisichobadilika milele, kwa hiyo haliwezi kueleza kitu kinachokua namna hiyo. Laplace huruhusu mawimbi yanayofifia na yanayokua, na kila mfumo hupewa ncha zake, yaani nukta zinazoonyesha tabia zake za asili, kwenye bapa la namba changamano: ncha iliyo kushoto ya mhimili wa wima ni tabia inayofifia, iliyo kulia ni tabia inayokua. Kusogeza mikrofoni karibu na spika ni kuvuta ncha kutoka kushoto kwenda kulia, na mluzi huanza ncha inapovuka mhimili. Kinachouzuia usikue bila kikomo ni kwamba amplifaya hufika mwisho wa uwezo wake na kuacha kuwa mstari.

SWALI: Maneno haya ya Kiswahili mnayoyatumia hayapo kwenye mihadhara yetu. Yana faida gani ikiwa mtihani ni wa Kiingereza?

JIBU: Mtihani utaufanya kwa Kiingereza, lakini kufikiri unafikiri kwa lugha unayoiota. Neno mstari tumelitwaa kwenye milinganyo mstari ya vitabu vya hisabati vya shule ya msingi. Kichujio kinajulikana na kila anayekamua tui. Konvolusheni tumeiacha ilivyo, kwa sababu kila neno tulilojaribu kulitunga lilikuwa gumu kuliko dhana yenyewe.

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita Dodoma, natarajia kuanza uhandisi. Nijiandae vipi kwa somo hili?

JIBU: Rudia namba changamano, hasa kuzigeuza kutoka umbo la mstatili hadi umbo la urefu na pembe na kurudi, hadi mkono ufanye bila kuuliza. Rudia jumla za mfuatano wa kijiometri, kwa sababu nusu ya maswali ya mifumo ya kidijiti huishia hapo. Kalkulasi unayoijua sasa inatosha kwa kuanzia. Kama unaweza kupata kompyuta, weka Octave, ambayo ni programu ya bure, au Python. Lakini kwanza ifanye hesabu ya ule mto kwa kalamu na karatasi, kisha uandike conv([2 0 1],[1 3 2]) kwenye Octave na uone kama inakurudishia 2, 6, 5, 3, 2.